Nishukishe Kwa Yasin

Alhamisi, 9 Aprili 2026

Mkutano wa klabu. Nimechelewa tena. Klabu yetu ya Huduma ya Sosiani ina kanuni nyingi lakini inayofuatwa kikamilifu ni moja tu: anayechelewa ndiye anayemimina chai. Nikamimina. Wahome akarudisha kikombe mara tatu. Ati haina sukari, ati imejaa mno, ati sasa imepoa. Nikavumilia. Mimi ni mtu mzima.

Huyu Wahome ana duka la vifaa vya ujenzi, linaangaliana na duka langu la magodoro pale mjini. Mimi ndiye niliyetangulia! Alipokuja alinikuta nimeshaota mizizi. Lakini muulize mtu yeyote Eldoret duka langu liko wapi. Atakwambia, lile la magodoro, mkabala na Wahome. Juzi nilimsikia binti yangu mwenyewe, Ilham, akimwelekeza mteja kwa simu. Naye akasema hivyo hivyo. Damu yangu! Inaniuma, wacha tu.

Habari za klabu. Kambi ya miwani kule Soy ilifana. Wazee wamevaa miwani, wamesoma gazeti kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na wamekasirika sana. Kusafisha mto kumeahirishwa kwa sababu gambuti zimepotea. Halafu likaja jambo lenyewe. Kuna steji ya boda boda Langas, kwenye kona karibu na zahanati, haina hata paa. Mvua ndiyo hiyo imeanza. Vijana wa boda wanalowa, akina mama na watoto wachanga wanalowa. Klabu itajenga kibanda chenye mabenchi. Wahome akasimama, akasema mabati yote ni yake. Makofi! Akakaa polepole ili yasiishe upesi.

Mimi nilichosikia ni kitu kingine. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Jelagat, alisema steji hiyo ni mpya na bado haina jina. Watu husema tu "pale kwenye kona." Steji nzima, haina jina!

Maana nchi hii serikali haitoi jina la steji. Hutolewa na midomo ya makondakta na watu wa boda, na likishakaa halitoki. Kuna mzee alikuwa na mashine ya kusaga unga kando ya barabara. Mashine iliuzwa, mzee akahama, na mpaka leo watu wanashukia kwake. Huyo amepata. Nami nataka hivyo. Nataka mama asiyenijua hata kidogo, amebeba kabeji zake, aseme: "Nishukishe Kwa Yasin." Hata nikiwa chini ya udongo, aseme.

Mwalimu akauliza nani atasimamia kazi. Nikainua mikono yote miwili, chupa ya chai ikiwa bado mkononi. Nimepewa! Chai kidogo ikamwagikia Wahome. Ilikuwa bahati mbaya, kwa sehemu kubwa.

Nimemweleza mke wangu Hamdi, machozi yakinilengalenga. Akaniuliza kama ni homa.

Ijumaa, 10 Aprili

Baada ya swala nilimtafuta mchoraji wa vibao. Nikamwagiza: KWA YASIN, herufi kubwa nyekundu, na chini yake jina la klabu, dogo, la adabu. Kikatoka kizuri ajabu. Nikakisimamisha dukani, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikakitazama. Nikakitazama tena.

Mwalimu Jelagat akaingia kununua mto. Mwalimu alikuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na bado hutembea na kalamu nyekundu kwenye mkoba. Akaitoa, akalikata jina langu kwa mstari; sikuwa nimewahi kuona kalamu nyekundu ikitumika kwenye ubao wa mbao. Alisema klabu haiandiki jina la mwanachama popote, na anayetaka jina lake juu ya ubao afungue shule yake mwenyewe. Kisha akanunua mto na kuniomba nimpunguzie.

Nimepunguza. Sijavunjika moyo. Nani husoma vibao? Hakuna. Jina liko mdomoni. Ni midomo inayotakiwa kufanyiwa kazi.

Jumamosi, 11 Aprili

Kazi imeanza! Klabu nzima ilifika Langas asubuhi. Mwalimu Jelagat mwenyewe alikoroga saruji, sketi ameipandisha, gambuti za kuazima. Wahome alibeba mabati begani, bati moja moja, akipita njia ndefu ili aonekane na watu wote. Mimi nilisimamia. Kusimamia kunachosha watu wasivyojua.

Nimefahamiana na mwenyekiti wa vijana wa steji ile. Anaitwa Apondi, mrefu, mtulivu, havui helmeti hata akinywa chai. Nikamuuliza, kama kwa bahati tu, steji itaitwaje. Akasema steji hujipa jina yenyewe. Nikamuuliza kama inaweza kusaidiwa kidogo. Akasema wengi wamejaribu. Huko mbele kuna tajiri alipaka jina lake kwenye mawe yote ya kando ya barabara, mchana kutwa, kwa rangi nyeupe. Watu wakapaita Mawe.

Huyo tajiri hakuwa na akili. Mawe hayasemi.

Mchana tulikula chapati na maharagwe kwa Mama Maximilla, ambaye jiko lake liko hapo hapo kando ya steji. Chapati zake! Nimekula nne nikijiambia ni mbili.

Jumatatu, 13 Aprili

Mpango wa kwanza. Rahisi na safi. Nasimama mjini, naita boda, nasema kwa sauti ya mtu anayejua aendako: "Kwa Yasin, Langas." Nikirudia siku nzima, kwa boda tofauti, jina litaenea lenyewe.

Wa kwanza akasema hapajui. Wa pili pia. Wa tatu akasema, panda twende. Haiya! Yaani jina limeshaanza kutembea? Nikapanda kifua mbele.

Tukapita Langas. Tukaendelea. Nikadhani anakwepa matope. Akanishusha mbele ya nyumba yenye hema, masufuria makubwa na moshi wa nyama. Kumbe ni kwa Yasin kweli, Yasin mwingine, mfanyabiashara wa ngozi, mjukuu wake anapewa jina leo. Kabla sijafungua mdomo mwenye nyumba akanikumbatia. Alidhani mimi ni wa upande wa mama wa mtoto. Wa upande wa mama wakadhani mimi ni wa upande wa baba. Ningefanyaje? Kukataa chakula cha watu ni utovu wa adabu. Nikala pilau. Nikala mbuzi. Nikanywa maziwa ya ngamia. Wakaniomba kama mzee niseme neno, nikasimama nikazungumza juu ya huduma kwa jamii, na kina mama wawili wakalia.

Nimerudi nyumbani na paja la mbuzi ndani ya mfuko. Hamdi akauliza limetoka wapi. Nikasema limetoka Kwa Yasin. Sikusema uongo.

Siku nzuri kwa jumla, ila sasa yule kijana wa boda atampeleka huko kila anayetaja Yasin. Nimemjengea jina mtu wa ngozi.

Jumanne, 14 Aprili

Mpango wa pili, na huu una akili zaidi. Mdomo hausemi bure, mdomo lazima ulishwe.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kibanda kimeezekwa nusu, na vijana wote wa boda walikuwa wamejibanza chini ya nusu hiyo. Nikamwendea Mama Maximilla kimya kimya. Nikamwambia chai na chapati kwa kila kijana, mpaka jioni, juu yangu. Sharti moja tu: akiulizwa, aseme ni ya Yasin. Mama Maximilla akasema sawa Mzee, wewe ndiye unayejua.

Nikasimama ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli. Vijana wakanywa. Wakauliza. Wakaambiwa. Halafu nikasikia kwa masikio yangu haya: "Yasin! Yasin! Yasin!" Mpaka na honi za pikipiki! Miguu ilikuwa imelowa, soksi zimelowa, na sijawahi kuwa na furaha namna ile tangu Ilham azaliwe.

Apondi akavuka barabara kunipa mkono. Akaniuliza kwa sauti ya chini nitatangaza lini. Nikaona, huyu kijana ameelewa jambo la jina bila hata kuelezwa. Nikamjibu Jumamosi, siku ya kufungua kibanda. Akatikisa kichwa taratibu, helmeti nayo ikatikisika. Akasema vijana wako tayari.

Nimemwambia Hamdi mambo yameiva. Akaniambia nivue soksi.

Jumatano, 15 Aprili

Nimefika dukani nikakuta foleni mlangoni. Alhamdulillahi, nikasema, magodoro leo yataisha!

Hakuna aliyetaka godoro. Mama mmoja alitaka nimsaidie karo ya mtoto. Kwaya kutoka Langas ilitaka sare. Timu ya mpira ilitaka mpira na nyavu. Mzee mmoja alitaka niamue kesi yake ya mpaka wa shamba, na alikuja na jirani yake ili niamue papo hapo. Vijana wawili walikuja kujitolea kunishangilia kwenye mikutano, wakaonyesha mfano wa kelele zao, na paka wa dukani hajarudi mpaka sasa.

Mikutano gani? Nikauliza. Wakacheka. Wakaniambia Mheshimiwa, usitufiche, Langas yote inajua unagombea kuwa MCA, mwakilishi wetu wa wadi. Uchaguzi ni mwaka ujao, na ni nani hutoa chai bure kama hagombei?

Ni kweli. Kama ningemwona mtu mwingine akinywesha steji nzima chai ningesema hivyo hivyo. Nimezaliwa nchi hii, nimekulia nchi hii, na sikufikiria jambo dogo kama hilo!

Nikasimama juu ya godoro la sampuli nikasema sigombei. Wakatazamana, wakakonyezana. Mwenye kesi ya mpaka akasema sasa ndiyo amehakikisha, maana asiyegombea hana haja ya kukana. Kwaya ikaanza kuimba. Nikanunulia timu mpira ili waondoke tu. Kosa kubwa sana! Kufikia alasiri zilikuwa zimekuja timu nyingine, pamoja na ya mchezo wa wavu, na ya wazee wa kurusha tufe.

Jioni Wahome akavuka barabara. Akanipa mkono wa heshima, akainama kidogo, akaomba nikishaingia ofisini nisiwasahau watu wadogo kama yeye. Halafu akaandika pongezi kwenye grupu la WhatsApp la klabu. Na maua. Maua mengi.

Alhamisi, 16 Aprili

Mkutano. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nimefika mapema, na nilijimiminia mwenyewe unyenyekevu wote niliokuwa nao. Haikusaidia.

Mwalimu Jelagat alisimama na katiba ya klabu. Hakuifungua, anaijua kichwani. Klabu haina siasa. Mwanachama anayetumia kazi ya klabu kutafuta kura anaaga na kwenda zake. Nikasema sitafuti kura yoyote. Akauliza, basi ile chai ilikuwa ya nini?

Hapo nikakwama. Niseme nilitaka mama wa kabeji ataje jina langu? Mbele ya Wahome? Angelala akicheka, angeamka akicheka. Nikasema ilikuwa mvua. Watu wakangoja niendelee. Nikakaa chini.

Uamuzi umetoka. Jumamosi, mbele ya watu wote, nitakana kwa mdomo wangu, kwa sauti, mpaka kila mtu aelewe. Nisipofanya hivyo, au nikifanya nusunusu, sina klabu tena.

Nimeogopa, sifichi. Dukani mimi ni bei na punguzo. Nyumbani mimi ni soksi. Pale klabu ndipo mahali pekee watu huniuliza maoni yangu, hata kama huwa hawayafuati. Nimekuwa nao tangu enzi za kuchimba kile kisima cha kwanza ambacho hakikutoa maji. Nawapenda watu wale. Hata Wahome, kwa mbali, akiwa amenyamaza.

Kikao kilipoisha nikamimina chai bila kuambiwa.

Ijumaa, 17 Aprili

Mazoezi mbele ya kioo. Nimeandaa hotuba ndefu yenye historia ya klabu, maana ya kujitolea na sababu za mimi kutopenda siasa. Nilimsomea Hamdi. Katikati aliinuka akaenda kuchambua mchele, akasema anasikia vizuri kutoka jikoni.

Alipomaliza mchele akaniambia, Baba Ilham, kwa nini usiseme ukweli tu, kwamba ulitaka jina? Watu watacheka siku moja na yaishe. Nikamwambia afadhali nidhaniwe mwanasiasa. Akasema basi fupisha. Neno moja. Sema sigombei, ushuke.

Neno moja! Mtu aliyesimamia kazi nzima! Nilitaka kwanza nilale nikilifikiria, lakini hapana, niliamua hapo hapo mezani. Neno moja. Nimelifanyia mazoezi kwa sauti nene, kwa sauti ya huzuni, na kwa sauti ya kiongozi. Ya kiongozi ndiyo imenikaa vizuri zaidi, ingawa sasa naona haifai.

Jumamosi, 18 Aprili

Koo limekwisha kabisa. Naandika tu, siwezi kusema hata "maji."

Umati! Sikutegemea. Langas ilimwagika pale kwenye kona. Vijana wa boda na jaketi zao za kung'aa, kwaya, timu zote nilizonunulia mipira, akina mama kutoka zahanati. Kibanda kimependeza, nasema kweli. Paa limenyooka, mabenchi ni imara, na kibao kina jina la klabu peke yake. Mkasi wa kukatia utepe ulisahauliwa na msimamizi wa kazi, nisiyependa kumtaja. Mama Maximilla akaukata kwa kisu chake cha chapati na watu wakashangilia zaidi.

Wahome akahutubu juu ya mabati. Unene wake, ubora wake, jinsi yasivyopata kutu. Watu walikuwa karibu kusinzia wakiwa wamesimama.

Kisha mimi. Nikapanda juu ya benchi. Nikaanza: jina langu ni Yasin. Sikufika mbele. Umati ukalipuka: "Tano tena! Tano tena!" Ala! Miaka mitano tena, na mitano ya kwanza sijapewa na mtu! Nikamwona Mwalimu Jelagat pembeni, mikono ameikunja, uso ameukaza. Nikajua ni sasa ama klabu iende. Nikavuta pumzi.

"Sigombei!"

Vijana wote wa boda, kwa pamoja, wakajibu: "Sigombei!" Walidhani ndiyo kauli yangu ya kampeni. Nikapaza zaidi: sigombei! Wakapaza zaidi. Nikasema namaanisha sigombei! Honi zikalia. Kwaya ikalikamata neno ikalitia sauti ya pili na ya tatu, likawa wimbo mtamu, Mungu anisamehe, mguu wangu ukapiga mdundo.

Mvua ikashuka hapo hapo. Umati wote ukasukumana ndani ya kibanda, nami juu ya benchi, kichwa kinagusa mabati ya Wahome, nikipiga kelele neno lile lile kwenye sikio la kila aliyekaribia. Mmoja mmoja. Mtoto wa shule, muuza mitumba, mzee wa kesi ya mpaka. Sigombei. Sigombei, mama. Sigombei, kaka. Mpaka sauti ikakatika kama redio iliyoisha betri, na hatimaye nikaona nyuso zikibadilika. Walielewa. Ile timu ya wavu ilinirudishia mpira kwa masikitiko.

Mwalimu akanipa mkono. Akasema katika miaka yake yote hajaona mtu akikana kitu kwa bidii namna ile, na kwamba nimebaki mwanachama. Nilitaka kumshukuru, ikatoka hewa tupu.

Chini yangu kwenye benchi alikuwa amekaa mama na mtoto mchanga ndani ya shali. Mvua inapiga mabati, mtoto amelala, amekauka kabisa. Nimemtazama yule mtoto nikafurahi mpaka nikasahau jambo la jina. Nililikumbuka nilipofika nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyesema Kwa Yasin.

Jumapili, 19 Aprili

Kimya. Chai ya tangawizi. Hamdi anasema nyumba haijawahi kuwa na amani hivi na ananiuliza kama kuna ufunguzi mwingine karibuni.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimo dukani asubuhi, sauti imerudi nusu. Nje mama mmoja na mzigo wa viazi anasimamisha boda. Nikamsikia waziwazi: "Nipeleke Sigombei."

Nikatoka mbio. Kijana wa boda akasema panda mama, hata hakuuliza ni wapi. Nikakimbilia steji ya matatu. Kondakta ananing'inia mlangoni anaita: "Langas Sigombei, Langas Sigombei, mbili ziende!" Nikamshika mkono, nikamuuliza Sigombei ni wapi. Akanishangaa. Akasema Mzee, wewe ni mgeni Eldoret? Sigombei pale kwenye kibanda. Nikamuuliza kwa nini panaitwa hivyo. Akasema yeye hajui, pameitwa hivyo tangu zamani.

Tangu zamani! Tangu juzi!

Nikaenda. Nikakaa kwenye benchi, nisijue nicheke au nilie. Neno ni langu. Limetoka kwenye koo langu, na koo bado linauma. Lakini mimi simo ndani yake. Nikifa, mama wa viazi hatajua kulikuwa na mtu. Apondi akaja akakaa kando yangu na helmeti yake. Hakusema "nilikwambia." Alisema tu kwamba ni jina zuri, linaita vizuri ukiwa juu ya pikipiki.

Nilikuwa karibu kulia, kusema kweli. Kisha msichana mmoja akashuka kwenye boda, akaangaza huku na huku, akaniuliza: samahani Mzee, hapa ndipo Sigombei? Nikamwambia ndipo, karibu sana, kaa ujikinge. Akashukuru. Na nilipokuwa nikimjibu nilijisikia kama mwenye mji. Nikakaa pale mpaka mchana nikiwakaribisha watu. Mama Maximilla aliniletea chapati, akakataa nilipe.

Jioni nikafunga duka nikiwa na moyo mwepesi. Mvulana wa kupeleka mizigo alikuwa amepotea, anapiga simu barabarani akitafuta duka la vifaa vya ujenzi. Akarudia kwa sauti maelekezo aliyopewa: lile linaloangaliana na Mzee Sigombei wa magodoro. Wahome alikuwa mlangoni pake. Alisikia. Nikampungia mkono.

Leo nitalala vizuri kuliko miaka yote, na bado ni mapema.

Alhamisi, 23 Aprili

Mkutano. Nimechelewa, nimemimina, kila mtu amenywa.

Habari za klabu. Gambuti zimepatikana, mto utasafishwa mwezi ujao. Zahanati imeandika kushukuru kwa kibanda. Na kuna mradi mpya. Wachuuzi wa soko moja kule Soy hawana vyoo, wanahangaika tangu alfajiri mpaka jioni, hasa akina mama. Klabu itajenga vyoo, vizuri, vya kudumu, vyenye maji. Mwalimu Jelagat akauliza nani atasimamia. Nilishainua mkono kabla hajamaliza kusema. Cha ajabu, Wahome hakutaka kushindana. Alisema kwa upole kabisa kwamba hii ni yangu. Labda ile siku ya mabati ilimfunza kitu.

Nimekaa nimefikiri, na sasa naona kosa langu lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa ni steji! Mtu hupita steji mara moja kwa siku, na mawazo yake yako mbali. Lakini huku? Huku mtu anakwenda mara tatu, mara nne. Anakwenda kwa haraka, anarudi akiwa na furaha. Na kabla ya kwenda ni lazima amwambie jirani yake kwa sauti: niangalizie nyanya, naenda Kwa Yasin mara moja. Soko zima! Kila siku! Mpaka na watoto wa shule! Na safari hii hakuna hotuba wala chai. Ingawa chai kwenye mradi kama huu ingeleta watu haraka; nitalifikiria.

Mchoraji ameshaanza kibao. Kalamu nyekundu ya Mwalimu haitakiona, nakipeleka Soy moja kwa moja, kitakaa juu ya mlango.

Nimemweleza Hamdi kila kitu, pole pole, tangu mwanzo. Akaniuliza kama nimelifikiria vizuri. Nikamwambia tangu jioni sijafikiria kingine. Akaanza kucheka. Amecheka mpaka akaketi chini, akamwita Ilham nimweleze naye, na Ilham naye akaketi. Ni miaka mingi sijawaona wakifurahia mpango wangu kiasi hiki.